Shingo ya Base ya Kakule

Tangu nirudi Butembo, watu wanaoingia dukani kwangu kununua uzi na zipu wanauliza kwanza habari za base, lile gitare la sauti nzito. "Masika, uliondoka na base mgongoni, umerudi mikono mitupu. Ilikuwaje?" Nimeeleza mara nyingi hadi nimeanza kuruka sehemu, na sehemu ninazoruka ndizo zinazonitia haya. Kwa hiyo nimekaa chini nikaandika yote, hata zile.

Wanakwaya wenzangu wanajua nilikuwa na base saba. Wageni hawaamini kwamba mwanamke anayeuza vifaa vya washonaji analala chumba kimoja na gitare saba za nyuzi nne. Moja niliing'oa vyuma vyote vya shingoni, nikaziba mifereji yake kwa vipande vya jerikeni nyeupe, ili sauti iteleze. Nyingine iliungua duka la jirani yangu liliposhika moto. Niliijaza unga wa mbao na gundi, nikaipiga msasa mwezi mzima. Ya saba haikuwa yangu. Ilikuwa ya Kakule wa Beni, mume wa rafiki yangu Kavira, ambaye namwita yaya, dada mkubwa. Kakule ndiye aliyenifundisha base tulipokuwa vijana katika kwaya moja. Alifariki miaka miwili iliyopita. Baada ya matanga, Kavira aliniletea base ile mwenyewe, imefungwa kwa kitenge.

"Ukae nayo, mudogo yangu," alisema. "Uipige. Mais usigeuze kitu. Ibakie vile alikuwa anaishikaka."

Base ile ilizoea joto la Beni. Huku kwetu juu, na ukungu wa kila asubuhi, shingo yake ilianza kupinda. Ndani ya shingo ya base kuna fimbo ya chuma inayokazwa kwa ufunguo mdogo ili mbao isimame wima. Nimekaza fimbo za namna hiyo mara nyingi. Siku ile nilikuwa na haraka. Nikazungusha robo, halafu robo nyingine, nikasikia "tak". Fimbo ilikatika, na nyuma ya shingo ukatokea ufa mrefu kuliko kiganja changu.

Siku chache baadaye Kavira akapiga simu. Binti yao Neema alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na alitaka base ya baba yake isikike kanisani.

"Utakuja nayo, hapana?"

"Nitakuja nayo," nikajibu. Ufa sikuutaja.

## Butembo hadi Maboya

Niliondoka Jumatatu alfajiri, siku tano kabla ya arusi, na mpango wangu ulikuwa mdogo: nifike Beni kimyakimya, nimtafute fundi Paluku, atengeneze shingo, halafu Ijumaa nitokee kwa Kavira kama mtu aliyeshuka garini dakika ileile.

Tulikuwa wanne kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo. Nilikuwa nimefunika mfuko wa base kwa shuka jeupe kwa ajili ya vumbi, nikaulaza mapajani na kuukumbatia. Kabla ya Maboya tulikuta lori la mbao limelala katikati ya matope, magurudumu yamezama hadi katikati. Tukashuka. Watu wa nyumba za karibu walikuwa wamezoea. Akina mama walikuja na viazi vya kuchemsha, parachichi na marakuja, wakapanga kando ya barabara kana kwamba lori lile liliwaletea soko. Sijawahi kula viazi vilivyonoga hivyo kwa chumvi tupu.

Mama mmoja mzee wa gari letu, aliyekuwa na kuku wawili kwenye kikapu, alikaa karibu yangu. Alinitazama nilivyoukumbatia mfuko, akasema polepole, "Pole sana, mama."

Nilidhani ananijua, kwamba amesikia habari za Kakule. "Aksanti, mama. Ni miaka mbili sasa."

Akatikisa kichwa. "Miaka mbili tu. Mungu anajua."

"Hapana, miaka mbili tangu alituacha. Yeye alikuwa na hamsini na ine."

Mama aliutazama mfuko kutoka juu hadi chini. "Hamsini na ine, na iko mufupi vile?"

Ndipo nilipoelewa kwamba alidhani chini ya shuka lile kumelala maiti ya mtoto. Nikalitoa haraka, nikafungua zipu, nikamwonyesha mbao. Dereva alicheka hadi akakaa kwenye majani. Mama hakucheka. Alishika kichwa cha base, akaona ufa nyuma, akasema, "Hata hii inaomba pole." Akanigawia parachichi.

Lori lilitoka baada ya muda wa saa tano. Lilivutwa kwa kamba na watu wasiopungua thelathini, na dereva wa lori, aliyekuwa matope mpaka nyusi, aliwashika mkono wote, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kupanda.

## Kizuizi

Mbele ya Kabasha askari walisimamisha gari. Mmoja, mtu wa Kinshasa kwa matamshi yake, aliuelekezea kidole mfuko wangu.

"Mama, mu sac kuko nini?"

"Gitare. Ni base."

"Ya bwana yako?"

"Napiga mwenyewe."

Aliangalia ndani. Nyuzi nilikuwa nimezitoa ili shingo isivutwe zaidi. "Gitare bila nyuzi. Nitajua namna gani kama unajua kupiga? Piga na kinywa."

Abiria wote walikuwa wanasikiliza. Nikajikohoza, nikaimba kwa mdomo mstari wa base wa wimbo wetu wa matoleo, unaoimbwa hata makanisa ya mbali, dum, du-du dum, huku vidole vyangu vikitembea juu ya mbao tupu. Askari alifunga macho. Halafu akanisimamisha kwa mkono.

"Hapana vile, mama. Hapo base inangoja. Inaacha solo ipite kwanza, njo inaingia." Akaimba solo, lile gitare la sauti ya juu, mwenyewe, kwa sauti nyembamba puani, bunduki ikiyumba begani. Nikangoja, nikaingia pale alipoonyesha. Alisema kweli. Wimbo ule nimeupiga miaka mingi nikiingia mapema mno.

"Kende malamu," akasema kwa Kilingala, nenda salama, na kutufungulia njia. Wenzake walimwangalia kama mtu ambaye hawakuwa wamemjua hadi siku ile.

## Beni, kwa Paluku

Niliingia Beni jioni, nikalala katika nyumba ya wageni ya kanisa upande wa pili wa mji, mbali na kwa Kavira. Asubuhi nilivaa kitambaa hadi kwenye nyusi, nikaenda kwa Paluku.

Paluku anatengeneza redio, bafle za kutolea sauti na gitare katika chumba kimoja chenye joto la tanuri. Nilikuwa sijala kitu. Nilipoingia niliona sufuria inatokota juu ya makaa, nikamsalimia nikiwa na tumaini kubwa.

"Umepika mapema, papa."

"Karibu, funua," akasema bila kuinua kichwa.

Nikafunua. Ndani kulikuwa na nyuzi nne za base, zimejikunja kama nyoka kwenye maji ya rangi ya kahawa.

"Mafuta ya vidole inatoka," akaeleza. "Nyuzi za zamani zinarudi na sauti. Mupigaji wa kanisa alizipiga miaka tatu, leo zitalia kama mupya."

Nilikuwa nikizisugua nyuzi zangu kwa mafuta ya taa siku zote. Nikasahau njaa. Pembeni alikuwa na cherehani kuukuu, na nilipoiona nikadhani anashona pia. Kumbe kile kigurudumu kinachojaza uzi kwenye kibobini, ambacho nauza vipuri vyake kila wiki, yeye alikitumia kuzungusha waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye mota za feni zilizoungua. Alikuwa anatengeneza mikro, zile sumaku zinazosikiliza nyuzi. Alizungusha taratibu, waya ukipita kati ya vidole viwili, midomo yake ikihesabu mizunguko. Nilisimama pale nikiona aibu nzuri, aibu ya mtu aliyekaa miaka na kitu bila kukijua.

Base ya Kakule aliitambua mara moja, akaitazama shingo kwa muda mrefu.

"Fimbo imekufa," akasema. "Naweza kufungua nyuma, kutoa mbao ya kupasuka, kutia mbao ingine na chuma mbili za kulala. Uso wa mbele, kwenye vidole vyake vilipita, tutauacha. Mais sina mbao. Ile niko nayo ingali na maji. Itapinda tena mbele ya Noeli."

"Nitapata wapi?"

"Mangina. Uliza Katembo, mwenye anatengenezaka manche, shingo za gitare. Yeye anakaushaka mbao muzuri."

## Beni hadi Mangina

Paluku alifungua skrubu, nami nikapanda moto, yaani pikipiki, na kufunga shingo peke yake mgongoni kwa kitenge. Mwili wa base ulibaki kwa Paluku. Kakao ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai kila mahali kando ya barabara, na ile harufu yake chungu ya siki ilituandama njia nzima. Mvua ilitupiga mara mbili. Mara ya pili tulijikinga kwenye kibanda cha mbele ya kituo cha afya, karibu na ndoo ya kunawia mikono yenye bomba, na mwenye moto akanawa kwanza, bila kufikiri, kama watu wa huko wanavyofanya mpaka leo tangu ule ugonjwa wa mlipuko.

Hapo simu ikalia. Ilikuwa Kavira.

"Mudogo yangu, Butembo kunanyesha?"

"Kunanyesha," nikasema, maji yakinichuruzika shingoni. Neno moja tu, na lilikuwa uongo.

Mangina niliuliza mtu wa kwanza, "Katembo wa manche?" Akanipeleka sokoni, kwa mama mnene mwenye kanzu ya kijani, amezungukwa na mipini, ambayo nayo huitwa manche: ya majembe, ya shoka, ya nyundo, imesimamishwa kama kwaya. Jina lake lilikuwa Mama Kyakimwa.

"Nimekuja juu ya manche," nikamwambia.

"Ya jembe ao ya shoka?"

"Ya base."

Akafikiri kidogo. "Base ni kambi ya askari? Wanalima pale?"

"Hapana, mama. Base, ya muziki."

"Wanalima na muziki?"

Nilimfungulia kitenge nikamwonyesha shingo. Alicheka kwa tumbo lote, akaita majirani waone manche ya Butembo. Halafu akanieleza kwamba Katembo alikuwa kaka yake, kwamba kweli alichonga shingo za gitare, na kwamba amehamia Uganda tangu mwaka jana. Nilikaa chini kwenye gunia. Nafikiri sura yangu ilisema yote, kwa sababu aliacha kucheka.

"Lete," akasema.

Aliinua shingo hadi usawa wa jicho, akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu kama mtu anayelenga. "Nyuzi za huu muti hazikwendaka sawa tangu mwanzo. Angalia, zinatoka pembeni hapa. Muntu alikata haraka. Hata kama hungeikaza, ingepasuka."

Sijui kama alitaka kunifariji. Lakini nilifarijika, kwa mara ya kwanza tangu ile "tak".

Alifunga biashara mapema, tukaenda kwake. Jikoni, juu ya moto, kulikuwa na vipande vya mbao vimelala kwenye dari, vyeusi kwa moshi. Alivishusha kimoja kimoja, akavishika kwa vidole viwili karibu na ncha, na kuvigonga kwa kifundo cha kidole. Cha kwanza kilisema "tu". Akakitupa pembeni. Cha pili, "tu". Cha tano kililia, sauti ndefu kidogo, safi.

"Hii," akasema. "Haina mupasuko ndani, na maji yote yalitoka. Kama mupini unasema 'tu', mulimaji atakuja kunitukana msimu ujao."

Nimesoma kwenye simu kwamba mafundi wakubwa wa gitare hugonga mbao hivyohivyo. Mama Kyakimwa hakuwahi kuisikia base maisha yake yote. Aliinyoosha mbao ile kwa panga na kisha kwa kipande cha chupa, akiigeuza, akitazama kwa jicho moja, na sikumwona akipima kwa kitu chochote. Alinilisha ugali wa muhogo na sombe, yale majani yake, na samaki wa chumvi, akanipa kitanda cha binti yake. Asubuhi nilimshukuru kwa Kinande, "Wasingya," na yeye akanifungia mbao kwenye majani ya ndizi kama chakula cha safari.

## Kurudi Beni

Jumatano mchana Paluku aligonga mbao, akasikiliza, akanitazama. "Katembo amezidi kuwa fundi."

"Siyo Katembo. Ni dada yake."

Aligonga tena.

Alifanya kazi siku mbili, nami nikawa mkono wake wa pili. Tulifungua nyuma ya shingo kwa moto wa pasi na kisu chembamba. Tukatoa fimbo iliyokatika. Tukalaza mbao ya Mangina na vyuma viwili, tukatia gundi, tukabana kwa mipira iliyokatwa kutoka matairi ya ndani ya baiskeli. Uso wa mbele hatukuugusa. Pale mbao ilikuwa na mabonde madogo yaliyochimbwa na vidole vya Kakule, na bonde la noti ya chini ya wimbo wetu wa matoleo lilikuwa na kina kuliko yote.

Ijumaa asubuhi tulitia nyuzi. Ilisimama wima. Paluku akaiunganisha na ampli ya kukuza sauti, nikapiga noti moja, na vikombe vikatetemeka rafuni. Ilikuwa na sauti yake ileile, ila ilikaa hewani muda mrefu zaidi.

"Nitapaka rangi nyuma," Paluku akasema. "Mama Kavira hataona kitu."

Nilifikiri juu ya jambo hilo hadi rangi ilipokuwa tayari kwenye brashi. "Usipake," nikamwambia. "Tia mafuta tu."

## Kwa Kavira

Nilifika kwake saa nane. Ua ulijaa akina mama wanaochambua mchele na kumenya ndizi za kesho yake. Kavira aliniona, akanawa mikono, akaniingiza ndani, akafunga mlango.

Nilimwambia nikiwa bado nimesimama. Nilimwambia habari za robo ya pili, za ufa, za mvua ya Butembo ambayo ilikuwa mvua ya Mangina. Nikaigeuza base, nikamwonyesha mgongo mpya, wa rangi ya chai ya maziwa, tofauti kabisa na mbao ya zamani.

Alipitisha kiganja nyuma ya shingo, kutoka juu hadi chini. "Hapa siyo yake," akasema. Halafu akaigeuza, akaweka vidole kwenye mabonde. Vilikuwa vidogo mno kwa mabonde yale. "Hapa ni yake."

Nje mtu aliuliza chumvi iko wapi, akajibiwa.

"Nilijua uko Beni tangu siku ya pili," Kavira akasema. "Mwenye kuuza samaki alikuona ku moto. Nikakupigia simu ili uniambie. Ukaniambia Butembo kunanyesha."

"Niliogopa, yaya."

"Kuogopa nini?"

"Ulisema nisigeuze kitu."

Hakuwa na hasira ya kelele. Afadhali angekuwa nayo. "Masika, mimi nilizika mwenye base. Uliwaza mbao ndiyo itanishinda?"

Aliniachia base mkononi, akarudi nje kwenye ndizi zake. Baada ya kitambo nami nikatoka, nikachukua kisu, nikakaa kwenye mkeka. Tulimenya mpaka jioni. Ndizi zilipokwisha mbele yangu, alizisogeza za kwake kati yetu.

## Jumamosi na Jumapili

Kanisani nilipiga. Kwenye wimbo wa matoleo nilingoja, nikaiacha solo ipite, nikaingia. Neema, ndani ya gauni jeupe, aligeuka kabisa kutazama nyuma, na mumewe naye akageuka, na pasta akangoja. Kavira alikuwa benchi la kwanza. Hakugeuka. Niliona mgongo wake tu, na mkono mmoja ulioshika ukingo wa benchi, mahali ambapo mbao hutetemeka sauti ya chini inapopita.

Jumapili, nilipokuwa nafunga mfuko, akaniambia base itabaki. Alilisema kama jambo lililokwisha amuliwa, nami nililipokea hivyohivyo, ingawa liliniuma, na linaniuma bado. Basi, ninyi mnaouliza, jibu ni hilo: iko Beni, kwa mwenyewe.

Gari langu lilichelewa saa tatu, na saa hizo tulikaa sebuleni. Nilimwonyesha namna ya kuzipangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, ukuta gani unafaa kuiegemeza na ukuta gani uko karibu mno na jiko. Nilimwonyesha namna ya kuilaza mapajani. Alikuwa ameishi na base miaka ishirini na tano bila kuipiga, kwa sababu ilikuwa ya Kakule na Kakule alikuwa hai.

Akaweka kidole gumba kwenye uzi mnene, akauvuta, akauachia. Ampli tuliyoiunganisha ilikuwa na sauti ndogo, lakini alishtuka na kujishika tumbo.

"Kumbe inaingia hapa," akasema.

"Ndiyo hapo, yaya."

Akaupiga tena, akasikiliza mpaka sauti ikaisha kabisa. Halafu akasogeza kidole kwenye uzi wa pili, akaniangalia.

"Na huu unaitwa nini?"

Nje dereva alikuwa amefika, anapiga honi. Nikamwambia jina lake.